Kugawanya na Baki: Msaidie Mwanao Bila Kumchanganya

Ni saa moja ya usiku katika mji wa Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi. Jua limekwisha kuzama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na taa za wavuvi zimeanza kuonekana majini. Tuifikirie nyumba moja katika mji huo. Baba, ambaye ni askari polisi, amerejea kutoka zamuni. Mama anaandaa chakula. Mtoto wao wa darasa la tano ameinamia daftari lake huku machozi yakimlengalenga. Amepewa hesabu ya kugawanya 137 kwa 4, na kila anapojaribu hupata jibu jingine.

Baba anachukua kalamu. Anaandika 4 upande wa kushoto, anachora mstari uliopinda, kisha anaandika 137 ndani yake. Mtoto anatikisa kichwa.

"Sivyo hivyo, baba. Mwalimu huandika 4 upande wa kulia."

"Mwanangu, mimi nimesoma hesabu hizi kabla hujazaliwa."

"Lakini mwalimu atanikosoa, baba."

Hapo ndipo hatari inapoanza. Baba akikasirika, mtoto atajifunza mambo mawili mabaya kwa usiku mmoja: ya kwamba hesabu ni jambo la kuogopwa, na ya kwamba ni lazima achague kati ya baba yake na mwalimu wake. Na hali wote wawili, baba na mwalimu, wamesema kweli.

NJIA MBILI, HESABU MOJA

Ugomvi wa namna hii una asili yake katika historia ya pwani hii. Mwishoni mwa Aprili 1972 machafuko yalianza huku kusini, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwamo, na mauaji makubwa yaliyofuata katika nchi yaliwafanya watu wengi wakimbilie Tanzania. Wengi wao waliishi katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Watoto wao walisoma katika shule za msingi zilizofuata mafunzo ya Tanzania, ambako Kiswahili kilikuwa kimefanywa lugha ya kufundishia tangu 1967. Katika miaka ya 2008 na 2009 makumi ya maelfu ya watu hao na wazao wao walirejea Burundi, na wengi walirudi katika mikoa hii ya kusini.

Walirudi na Kiswahili, na walirudi pia na namna ya kuandika hesabu. Tanzania ilirithi desturi ya Kiingereza: namba inayogawa hukaa kushoto, na jibu huandikwa juu. Burundi, iliyotawaliwa na Ubelgiji hadi 1962, ilirithi desturi ya Kifaransa: namba inayogawa hukaa kulia, na jibu huandikwa chini yake. Tazama hesabu ile ile ya 137 kugawanya kwa 4 ilivyoandikwa kwa njia zote mbili.

Kama ilivyozoeleka Tanzania:

```
     34
  4)137
    12
     17
     16
      1
```

Kama ilivyozoeleka Burundi:

```
  137 | 4
  12  |----
   17 | 34
   16 |
    1 |
```

Msomaji akizilinganisha atakuta tarakimu ni zile zile, hatua ni zile zile, na jibu ni lile lile: 34, baki 1. Kilichobadilika ni mahali pa kuandikia tu. Huenda pia mwalimu wa Burundi akawazoeza wanafunzi kutoa kwa kichwa, bila kuandika zile 12 na 16, wakaandika mabaki peke yake. Huko nako ni kufupisha maandishi, si kubadili hesabu.

Basi kanuni ya kwanza kwa mzazi ni hii: daftarini mtoto na afuate njia ya mwalimu wake. Mzazi na ajifunze njia hiyo kutoka kwa mtoto. Mwambie, "Nionyeshe mwalimu anavyoandika." Mtoto anayemweleza mzazi wake hatua moja baada ya nyingine huielewa hesabu kuliko mtoto anayenakili jibu. Wala heshima ya mzazi haipungui kwa kufundishwa na mwanawe mahali pa kuweka tarakimu.

ANZA KWA KUGAWA VITU

Watoto wengi hushindwa kugawanya kwa sababu wamepewa maandishi kabla ya kuelewa kinachoandikwa. Kugawanya ni kugawa. Mama anayepanga mafungu ya dagaa sokoni anagawanya, hata kama hakupata kukaa darasani. Anajua ni mafungu mangapi yatatoka katika beseni, na anajua kwamba dagaa wachache wanaosalia hawatoshi kufanya fungu jingine. Hao wanaosalia ndio baki.

Kwa hiyo mama naye ni mwalimu. Anaweza kumpa mtoto mikeke 17, au vijiti 17 badala yake, na kumwambia awagawie watu 5 sawasawa. Mtoto ataweka mmoja mmoja mpaka kila mtu apate 3. Watasalia 2. Muulize, "Kwa nini usiendelee?" Atajibu kwamba 2 hawawatoshi watu 5. Akisema hivyo kwa kinywa chake, amekwisha kupata kanuni kuu ya somo hili zima: baki sharti liwe dogo kuliko namba inayogawa. Baki likilingana nayo au likiizidi, basi ugawaji haujakwisha.

Baada ya hapo, chukua ufagio wa njiti uliochakaa. Hesabu njiti 137 na uzifunge kumi kumi. Kisha mafungu kumi uyafunge pamoja yawe mia. Mtoto sasa anayo mia 1, makumi 3 na mamoja 7. Mwambie awagawie watu 4.

Mia 1 haiwezi kugawiwa watu 4 ikiwa imefungwa. Ifungue: yawe makumi 13. Kila mtu apewe makumi 3; yametumika makumi 12, limesalia kumi 1. Lifungue hilo nalo: ni mamoja 10, pamoja na yale 7 yaliyokuwapo, ni mamoja 17. Kila mtu apewe 4. Zimetumika 16, imesalia njiti 1. Kila mtu anazo njiti 34, na baki ni 1.

Sasa rudini kwenye daftari. Ile 13 iliyofanyiwa kazi kwanza ni makumi 13. Ile 3 ya jibu ni makumi 3 ya kila mtu. Kule "kushusha" 7 ni kuyaweka mamoja 7 pamoja na kumi lililofunguliwa. Mtoto aliyefungua mafungu kwa mikono yake haoni tena kushusha kuwa uchawi wa walimu.

HATUA NNE ZA KUKARIRI

Askari hujifunza kufungua na kufunga bunduki kwa hatua zisizobadilika, ili mikono isikosee hata akiwa amechoka. Hesabu ya kugawanya nayo ina hatua zake nne: gawa, zidisha, toa, shusha. Kisha hurudiwa mpaka tarakimu za kushusha ziishe.

Tuchukue hesabu ya mfanyabiashara wa mawese, ambaye pwani hii si mgeni kwa mtu yeyote. Ana lita 785, naye anataka kuzijaza katika madumu ya lita 20. Atajaza madumu mangapi?

Kabla ya kuanza, mtoto aandike pembeni orodha ndogo ya namba inayogawa: 20, 40, 60, 80, 100, 120, 140, 160, 180. Orodha hii humwokoa mtoto ambaye bado hajashika vizuri jedwali la kuzidisha. Wapo wazazi wanaomfunga mtoto asiguse kugawanya mpaka ajue jedwali lote kwa moyo. Yafaa sana alijue, lakini orodha ya pembeni humwezesha kujifunza yote mawili kwa pamoja.

Sasa hesabu yenyewe. Katika 7 hamna 20. Katika 78 mna 20 mara 3: andika 3. Zidisha: 3 mara 20 ni 60. Toa: 78 kutoa 60 ni 18. Shusha 5: inakuwa 185. Rudia: katika 185 mna 20 mara 9. Andika 9. Zidisha: 180. Toa: 5. Hakuna tarakimu nyingine ya kushusha. Jibu ni 39, baki 5. Mfanyabiashara atajaza madumu 39, na lita 5 zitasalia.

SIFURI INAYOSAHAULIWA

Kosa moja huwapata watoto karibu wote, na huwapata hata watu wazima. Mpe mtoto hesabu ya kugawanya 619 kwa 6. Wengi wataandika 13, baki 1. Tuone ni kwa nini.

Katika 6 mna 6 mara 1: andika 1. Toa, hakuna kinachosalia. Shusha 1. Katika 1 hamna 6. Hapo mtoto husema, "Haiwezekani," akashusha 9 mara moja na kupata 19. Katika 19 mna 6 mara 3, baki 1. Akaandika 3 pembeni ya ile 1, akapata 13.

Alichosahau ni kuandika 0 pale iliposhindikana. Makumi hayakutosha kugawiwa, kwa hiyo kila mtu amepata makumi 0, na sharti jambo hilo liandikwe. Jibu sahihi ni 103, baki 1. Kanuni ni kwamba kila tarakimu inayoshushwa huleta tarakimu moja katika jibu, hata kama ni sifuri.

Usimwambie tu, "Umekosa." Muulize swali la akili ya kawaida: "Kama watu 6 wamepata faranga 13 kila mmoja, wote wamepata ngapi?" Atahesabu: 78. "Na tulikuwa na 619. Nyingine zaidi ya mia tano zimekwenda wapi?" Mtoto atacheka, naye atalitafuta kosa mwenyewe. Kosa alilolitafuta na kulipata kwa nguvu zake si rahisi kulirudia.

MTOTO AJIKAGUE MWENYEWE

Hesabu ya kugawanya ina uzuri mmoja: haihitaji mtu wa kuambia kama ni sahihi. Chukua jibu, ulizidishe kwa namba inayogawa, kisha ujumlishe baki. Lazima upate namba uliyoanza nayo.

34 mara 4 ni 136. Ongeza 1, ni 137. 
39 mara 20 ni 780. Ongeza 5, ni 785. 
103 mara 6 ni 618. Ongeza 1, ni 619.

Mzoeze mtoto kufanya ukaguzi huu kila mara, na wewe mzazi ujizuie kumwambia "sawa" au "kosa" kabla hajakagua. Hata mzazi ambaye hakusoma hesabu hizi anaweza kumsimamia kwa swali moja tu: "Je, umekagua?" Na baba aliye mbali kikazi anaweza kuuliza swali hilo hilo kwa simu.

BAKI LINATUAMBIA NINI?

Shuleni mtoto huandika "baki 8" na kazi ikaisha. Katika maisha, hapo ndipo kazi inapoanza, kwa maana baki halina maana moja siku zote. Tazama mifano mitatu.

Watu 50 wanangoja gari la kwenda Rumonge, na gari linachukua watu 14 kwa safari. 50 kugawanya kwa 14 ni 3, baki 8. Je, zinahitajika safari 3? La, hasha. Wale watu 8 hawawezi kuachwa barabarani. Zinahitajika safari 4. Hapa baki limeongeza jibu.

Askari 100 wanajipanga kwa safu za watu 8. 100 kugawanya kwa 8 ni 12, baki 4. Safu kamili ni 12 tu. Wale 4 hawafanyi safu kamili. Hapa baki halikuongeza jibu, ingawa wale askari 4 wapo, na kamanda sharti ajue atawaweka wapi.

Wavuvi 4 wamepata samaki wakubwa 137. Kila mmoja atachukua 34, na samaki 1 atasalia. Ni wa nani? Hesabu haijibu swali hilo. Pengine atakatwa vipande vinne. Pengine atauzwa na fedha zigawanywe. Pengine watakubaliana apewe mjane wa jirani. Kinachofaa ni kwamba wote wanne wajue kwamba yupo. Ugomvi wa mgao mara nyingi hautokani na samaki mmoja, bali na samaki mmoja aliyefichwa.

Mzungumzie mtoto mambo kama haya. Ataona kwamba baki si uchafu wa hesabu wa kufutwa, bali ni sehemu ya haki.

TAHADHARI JUU YA MKATO NA NUKTA

Mtoto akipanda darasa ataambiwa asiishie kwenye baki, bali aendelee kugawanya. Yule samaki 1 aliyegawanywa kwa watu 4 atakuwa robo, na jibu litakuwa thelathini na nne na robo. Hapa tena njia mbili hutofautiana, na safari hii tofauti inaweza kuleta hasara.

Kwa desturi ya Tanzania jibu hilo huandikwa 34.25, kwa nukta. Kwa desturi ya Kifaransa huandikwa 34,25, kwa mkato. Zaidi ya hayo, aliyesoma Tanzania huutumia mkato kutenga maelfu: kwake 1,250 ni elfu moja mia mbili hamsini. Mtoto aliyesoma Burundi anaweza kuisoma namba hiyo hiyo kuwa moja na robo. Kwa hiyo mzazi anayeandika namba kubwa katika daftari la mtoto asitie mkato wala nukta katika maelfu. Aache nafasi ndogo, aandike 1 250. Maandishi hayo hayamdanganyi mtu yeyote.

Na tusisahau majina ya namba. Mtoto wa pwani hii huenda akahesabu kwa Kirundi nyumbani kwa bibi, kwa Kiswahili sokoni, na kwa Kifaransa katika madarasa ya juu, ambako sabini ni septante na tisini ni nonante, kama wasemavyo Wabelgiji. Mtoto anayesita kabla ya kujibu si lazima awe mzito. Pengine anahamisha namba kutoka lugha moja hadi nyingine. Mwache ahesabu kwa lugha iliyo nyepesi kinywani mwake, kisha aandike kwa ile inayotakiwa shuleni.

MAMBO YA KUZINGATIA NYUMBANI

Kwanza, muda uwe mfupi. Dakika ishirini baada ya chakula zinatosha, na hesabu tatu zilizoeleweka zashinda ishirini zilizonakiliwa.

Pili, kiboko kikae mbali. Mtoto mwenye hofu huutazama mkono wa baba, haitazami hesabu. Askari aliyezoea amri kazini na akumbuke kwamba namba hazitii amri, zinatii hatua.

Tatu, msifanye hesabu kwa niaba ya mtoto. Kalamu ibaki mkononi mwake. Mzazi aulize, mtoto aandike.

Nne, kama njia ya mwalimu haieleweki, mzazi mmoja na amwendee mwalimu kwa adabu, bila kumshitaki, aombe kuonyeshwa hesabu moja. Ni bora kuuliza kuliko kumfundisha mtoto kinyume na darasa lake.

TURUDI KATIKA NYUMBA ILE

Sasa tuimalize jioni tuliyoianza. Baba ameiweka kalamu chini. "Haya, mwanangu, nionyeshe anavyoandika mwalimu." Mtoto anafuta machozi, anaandika 4 upande wa kulia, na wanaanza: gawa, zidisha, toa, shusha. Anapata 34, baki 1. Anakagua. Ni sawa.

Kisha baba anamwambia jambo ambalo alikuwa hajui namna ya kulisema. Amepewa kazi mbali na nyumbani. Ataondoka Jumatatu, na atarudi siku ya 100 baada ya hiyo. "Itakuwa siku gani, baba?" anauliza mtoto. "Wewe ndiye mwenye kalamu," anajibu.

Mtoto anafikiri. Juma lina siku 7. Katika 10 mna 7 mara 1, inasalia 3. Anashusha 0: ni 30. Katika 30 mna 7 mara 4, ni 28, inasalia 2. Majuma 14, baki 2. Anakagua: 14 mara 7 ni 98, ongeza 2, ni 100. Majuma 14 yakipita itakuwa Jumatatu tena. Anahesabu lile baki kwa vidole: Jumanne, Jumatano.

"Utarudi Jumatano," anasema, na anaiandika katika ukurasa wa mwisho wa daftari lake.